Vichuma Viwili Kinywani mwa Mama

Meno ya mama yangu yalianguka kwenye sinia la pilau mbele ya wanawake waliokuwa wakila naye, katika harusi ya jirani kijijini kwetu Maparoni. Yalikuwa meno ya bandia, safu yote ya chini, yenye fizi za plastiki za rangi ya waridi. Mama alikuwa akicheka. Aliinama kufinyanga tonge, mwenzake wa kulia akamwambia jambo, akacheka, na yale meno yakatoka taratibu, yakatua juu ya mchele pembeni mwa kipande cha nyama. Mimi nilikuwa sinia la pili. Niliona mikono yote ikisimama hewani.

Aliyesema kwanza alikuwa mtani wetu. Huyu ni mwanamke wa asili ya vilima vya kusini, mdogo kwa mama kwa miaka michache, aliyeolewa kijijini kwetu zamani. Ukoo wake na ukoo wetu zimetaniana tangu enzi za babu zetu, na mtani hawekewi mpaka. Hutania harusini, hutania msibani maiti ikiwa bado ndani, na anayetaniwa hakasiriki, hujibu. Sikuwahi kuwasikia wale wawili wakisalimiana kama watu wengine. Mtani akiingia uani kwetu alikuwa akisema, "Wewe bado hujafa? Sanda yako inaliwa na mchwa!" Na mama, bila kuinua macho kwenye kazi yake, alikuwa akijibu, "Nakungoja wewe utangulie ukanifagilie njia." Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yao, na hiyo ndiyo ilikuwa marahaba.

Basi siku ile mtani aliyatazama yale meno, akatazama wenzake, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni, "Jamani, nani kaagiza kichwa cha mbuzi? Mbona limekuja taya tu?"

Wanawake walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Hapakuwa na ubaya. Kilichotakiwa ni mama arudishe. Aseme neno juu ya ubahili wa watu wa vilimani, au juu ya mume wa mtani, sinia zima licheke tena na pilau iendelee. Nilimngojea aseme. Yeye aliyaokota meno, akayafunga kwenye pindo la khanga, akanawa mkono, akaondoka. Tangu siku ile hakula tena sinia moja na watu.

Kwetu anayekula peke yake ni mgonjwa au amegombana na wenzake. Mama hakuwa mgonjwa na hakuwa amegombana na mtu. Chakula kikiiva alikuwa akijipakulia kwenye bakuli, anaingia banda la jiko, anageukia ukuta. Samaki alimponda kwa vidole mpaka akawa kama unga. Wali aliurudisha motoni na maji mengi ukawa uji. Ukoko, ambao katika nyumba yetu ulikuwa wake tangu tukiwa wadogo, hata mgeni aukute sufuriani hapewi, sasa aliukwangua na kuwapa kuku. Akiongea na mtu wa nje alikuwa akishika ncha ya khanga mbele ya mdomo. Yale meno ya bandia aliyaweka kwenye kikombe juu ya kabati na hakuyavaa tena, kwa sababu yalikuwa yakielea kinywani na yeye alikuwa hayaamini.

Mimi ninaishi Ikwiriri, ambako kazi yangu ni kutafuta habari za wilaya na kuzipeleka redioni. Kwa kazi hiyo nimezoea kuangalia vitu vidogo kabla ya kuuliza. Kila nilipokwenda kumwona mama niliangalia mikono yake, kisha shingo, kisha namna khanga ilivyomzunguka. Mara ya kwanza iliishia kiunoni upande wa kushoto. Baadaye ncha yake ilifika mgongoni. Nilipomuuliza kama anakula alisema, "Nakula, mwanangu. Nakula sana tu." Jirani niliyemuuliza pembeni alisema, "Anakula kama ndege wa shambani, akisikia mtu anaruka."

Mambo yalibadilika kwa sababu ya binti yangu. Alichumbiwa na kijana wa Kibiti, na wazee wa pande zote wakakubaliana kwamba ndoa ifungwe kijijini kwa bibi yake, baada ya mpunga kuvunwa. Binti yangu na mama walikuwa na utani wao wa mjukuu na bibi. Waliitana mke mwenza. Siku alipokwenda kumpa habari za posa alimwambia, "Mke mwenza, sikiliza. Sinia langu la harusi sitalila kama wewe hupo. Watu watakaa, chakula kitapoa, mimi nitakungoja. Watakuja kukuuliza wewe kwa nini bibi harusi amekufa njaa."

Mama akasema nyuma ya khanga yake, "Nitakuja, mke mwenza. Nipe muda nitafute meno."

Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyesikia habari za meno yanayoshikizwa kwenye mfupa. Alisema mwenzake kazini amewekewa na anatafuna mahindi ya kuchoma. Gharama alizibeba yeye, na juu ya hilo hatukuongea zaidi. Mama aliondoka kwa boti ya injini maji yalipojaa, mimi nikampokea Nyamisati, na siku ya pili yake tulikuwa kwa daktari wa meno Dar es Salaam.

Daktari alikuwa binti mdogo, ushungi wake umefungwa nadhifu nyuma ya shingo. Alimwamkia mama shikamoo. Mama akaitika, akamtazama juu mpaka chini.

"Ndiye wewe daktari mwenyewe, au tunamngoja mkubwa wako?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Nyoosha mikono."

Daktari akanyoosha mikono, akicheka.

"Haya. Haitetemeki. Endelea."

Alimpiga picha ya taya, akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Alisema mfupa wa taya usiposhika meno kwa miaka mingi hulika, na kwamba wa mama umelika sana. Ndiyo maana meno ya bandia hayakai. Angeweka skrubu ndogo mbili kwenye mfupa wa mbele, upande wa chini, mahali pekee penye unene wa kutosha. Mfupa ungepewa miezi ya kuzishika, kama mti unavyopewa muda wa kushika udongo. Baada ya hapo angetengeneza meno mapya yenye vishikizo chini yake, yanayobonyezwa juu ya zile skrubu kama vifungo vya kubonyeza vya blauzi. Hayataelea tena. Hayataanguka.

"Hata nikicheka?" mama aliuliza.

"Hata ukicheka, bibi."

"Na nikifa? Watakaoniosha watakuja kunichokonoa?"

"Hapana. Skrubu zinabaki mfupani."

"Basi malaika wa kaburini watanikuta nimefungwa nati," mama alisema, na siku ile, kwa mara ya kwanza tangu ile harusi, nilimwona akicheka bila kushika khanga.

Kazi ilifanyika na ikapita salama. Daktari alitukalisha akatupa masharti, polepole, akimwangalia mama machoni na siyo mimi. Usitafune kitu kigumu. Miwa, karanga, mifupa, nyama ya kuchoma, usiguse. Tambuu acha. Sukutua kwa maji ya chumvi. Juu ya fizi utaona vifuniko viwili vya chuma vimejitokeza kidogo. Viache, usivichezee kwa ulimi. Ukiona maumivu njoo.

"Na ukoko?" mama aliuliza.

"Ukoko hasa, bibi. Usiuguse kabisa."

Mama alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyejua atakatazwa hilo. Alipewa siku ya kurudi, ambayo ingetangulia harusi kwa muda wa kutosha.

Alitii. Naweza kulisema hilo bila wasiwasi kwa sababu nililifuatilia kama ninavyofuatilia habari. Nilimuuliza mpwa wangu anayempikia, nikamuuliza jirani, nikamuuliza mwenye kibanda cha chapati karibu na gati. Wote walisema jambo moja: uji, ndizi zilizopondwa, samaki wa kuchambuliwa miiba, mchuzi wa nazi. Alikataa hata mkate mpaka ulowekwe. Na mtani alijipa kazi ya ulinzi. Alikuwa akifika asubuhi, anasimama katikati ya uwanja:

"Fungua duka tuone bidhaa!"

Mama alikuwa akifungua mdomo. Mtani anainama, anachungulia vile vichuma viwili vinavyong'aa juu ya fizi.

"Lo! Umekuwa geti. Bado kufuli tu."

"Kufuli nitakufunga wewe, uache kuingia kwa watu kabla ya chai."

"Chai yenyewe unainywa kwa imani. Meno huna, una misumari."

"Misumari hii mzungu akiiona ataitaka. Wewe yako imeliwa na kutu, na boriti mchwa wamezimaliza."

Niliyasikia haya nikiwa nimekaa kizingitini na kikombe changu mkononi, na nilijiambia kwamba mama amerudi. Bado alikuwa akila bandani peke yake, lakini hakugeukia ukuta. Aliacha mlango wazi. Alisema kwamba meno yakishafungwa ataanza na sinia la wajukuu kwanza, ajizoeze, halafu sinia la harusi.

Akaanza mkeka.

Mama ni msukaji. Hata watu wa Kibiti walikuwa wakimfuata kwa mikeka ya harusi, ile ya ukindu uliochanwa mwembamba na kutiwa rangi, ambayo kwetu haikosekani chumbani kwa bibi harusi na hutandikwa siku ya karamu ili masinia yawekwe juu yake. Lakini meno yake ya mbele yalipokwisha, miaka iliyopita, alikuwa ameacha kazi nyembamba. Alibaki na mikeka ya kulalia na majamvi ya kuanikia mpunga. Sasa alisema atamsukia mke mwenza wake mkeka ambao haujapata kuonekana. Alichemsha ukindu, akautia rangi nyekundu ya damu ya mzee na rangi nyeusi, akauanika uani mpaka njia ya kupita ikawa haba.

Nilikwenda mara nyingi msimu ule. Nilimkuta barazani, miguu ameinyoosha, ukili umejikunja pembeni yake kama utepe usio na mwisho, na jani la ukindu limetokeza mdomoni. Mkono wa kushoto unavuta, ukucha wa kidole gumba wa mkono wa kulia unapasua, na jani moja linakuwa nyuzi nne, tano, nyembamba kama mshipi wa kuvulia. Nimemwona hivyo tangu nipate akili. Sura ya mama ninayoibeba kichwani nikiwa mbali naye ni hiyo, yenye ukindu mdomoni, akiitika mambo yetu ya kitoto kwa kuguna kwa sababu hawezi kufungua meno. Kumkuta vile tena kulinifurahisha sana. Kulimfurahisha kila mtu. Mtani alikuwa akikaa karibu naye akimkabidhi majani. Majirani walipita wakisifu.

"Sijui nguvu zimetoka wapi," mama aliniambia siku moja akishona ukili wa tatu kwenye ukili wa nne, uzi akiuvuta kwa mdomo ukaze, kichwa kikienda nyuma kwa kila pindo. "Tangu ujanani sijachana ukindu ukatii hivi."

Mkeka ulikamilika kabla ya mavuno. Nikiuangalia nilitafuta mahali ambapo mchoro umekosea, kwa sababu ndiyo tabia yangu, na sikupapata.

Siku chache baadaye mama alisema kichuma cha kushoto kinacheza.

Alisema kama mtu anayetaja jambo la hali ya hewa. Nilimwambia afungue mdomo. Fizi ilikuwa nyekundu na imevimba, na pembeni ya chuma palikuwa na unyevu mweupe. Nilipogusa shavu kwa nje alirudisha kichwa nyuma. Hatukungoja siku ya miadi. Tulisafiri.

Daktari alivaa glavu, akashika kile kichuma kwa vidole viwili, akakizungusha. Kilizunguka. Akashika cha kulia. Nacho kikatikisika. Nilimwangalia usoni, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuangalia, na niliona jinsi alivyojitahidi uso wake usibadilike.

"Bibi, umekula nini?"

"Uji."

"Na nini kingine?"

"Samaki wa kupondwa. Ndizi. Mchuzi."

"Karanga? Muwa kidogo tu? Mfupa? Usinifiche, sikugombezi."

Mama alikaa wima kwenye kile kiti cha kulalia. "Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Ulinikataza na nimekatazika. Hata mkate nimeloweka."

Nilimwambia daktari kwamba ni kweli, kwamba niliuliza watu. Aliitikia kwa kichwa. Alisema inawezekana mfupa tu umekataa, hutokea, hata bila kosa la mtu. Akasema anakwenda kuitazama tena picha ya mwanzo kwenye chumba cha pili na atarudi.

Tukabaki sisi wawili. Mama hawezi kukaa bure. Popote anapokwenda hubeba mkoba na ndani ya mkoba kuna kazi, na siku ile kulikuwa na ukili aliouanza kwa ajili ya vipepeo vya kupepelea moto, pamoja na kifungu cha ukindu. Alishuka kwenye kile kiti, akakaa kwenye benchi karibu nami, akatoa jani. Alipitisha ncha nyuma ya kichuma cha kulia, kile kilichokuwa na uzima kidogo, akaifunga kwa mdomo, akavuta. Kope zake zilikunjamana kwa maumivu. Akavuta tena, ukucha ukiteremka kwenye jani.

Sikuwa nimeinuka bado niliposikia sauti ya daktari mlangoni.

"Bibi. Unafanya nini?"

Mama alitoa jani mdomoni. "Nachana ukindu."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa hivi mlivyonipa." Alisema kwa upole, hata kwa shukrani. "Vinashika vizuri kweli. Vizuri kuliko meno yangu ya usichana. Ncha ukiipitisha pale nyuma haitoki."

Daktari aliketi kwenye kigoda chake cha magurudumu.

"Umefanya hivyo tangu lini?"

"Tangu kidonda kilipopoa. Nimemsukia mkeka mjukuu wangu anaolewa."

"Kila siku?"

"Siku za kazi. Ijumaa napumzika."

"Bibi, si nilikwambia usitafune kitu kigumu…"

"Sijatafuna. Ukindu hauliwi, mwanangu."

Yule binti alinitazama mimi, na mimi nikamtazama yeye, na nadhani tulielewa kwa pamoja kwamba hapakuwa na mtu wa kulaumiwa pale chumbani. Yeye aliuliza juu ya chakula, kwa sababu mahali alipojifunzia, meno ni kitu cha chakula. Mama alijibu juu ya chakula. Kwa mama meno yalikuwa pia mkono wa tatu, na mkono huo hakuna aliyeuulizia. Sisi watu wake tulimwona akivuta ukindu kwa vichuma mchana kweupe, barazani, tukampa majani, tukamsifu. Kwa macho yetu hakuwa akifanya jambo lolote. Alikuwa amekaa tu.

Daktari alivitoa vyote viwili siku ileile. Cha kushoto kilitoka kama msumari kwenye ubao uliooza, bila kuhitaji nguvu. Baada ya hapo alinionyesha picha mpya. Palipokuwa na mfupa mwembamba sasa palikuwa na mabonde mawili, na chini ya mabonde ulibaki ukingo mdogo sana. Alisema hawezi kurudia. Akijaribu tena taya linaweza kuvunjika. Kuna njia ya kupandikiza mfupa kutoka sehemu nyingine ya mwili, ila kwa umri wa mama na kwa jinsi alivyokonda hamshauri, na daktari mkubwa aliyeitwa kuangalia naye alisema hivyo hivyo. Niliuliza juu ya meno ya zamani yaliyo kwenye kikombe. Akasema sasa yatakaa vibaya zaidi kuliko zamani, maana hata kile kidogo yalichokuwa yakikalia kimepungua.

Mama alisikiliza yote haya pamba ikiwa mdomoni. Alipoweza kuongea aliuliza swali moja.

"Harusi ni mwezi ujao. Hamna chochote cha kuazima?"

Daktari alisema hakuna. Aliposema, alimshika mama mkono na hakuuachia haraka.

Mama aliviomba vile vichuma. Alipewa ndani ya kipande cha bandeji. Alivifunga kwenye pindo la khanga, palepale alipofunga meno siku ya lile sinia, na njia nzima ya kurudi Kibiti, kisha hadi Nyamisati, alikuwa akilishika lile pindo. Aliniuliza mara moja tu, basi likiwa limesimama abiria wanunue korosho, kama kitu kilichokaa mfupani mwa mtu huzikwa kama ukucha na jino, au hutupwa kama chuma. Nilimwambia sijui. Nilikusudia kumuuliza sheikh na mpaka leo sijamuuliza.

Binti yangu alipoambiwa alisema hautaki ule mkeka. Alitaka ukunjwe, uwekwe juu darini, asiuone. Alilia akasema hawezi kukalia kitu kilichomfanyia bibi yake vile. Mama alimwita bandani akamwambia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiongea nayo na mjukuu, haina utani ndani yake: "Utautandika. Watu wamekwishauona nikiusuka. Usiponitandikia wataniuliza uko wapi. Usinitie aibu mara ya pili."

Ukatandikwa.

Siku ya harusi ilikuwa ya jua zuri. Mpunga ulikuwa umekwisha kuingizwa ghalani, watu wana nafasi na wana mchele mpya, na wageni walikuja kwa boti kutoka Nyamisati na vijiji vya jirani. Mkeka ulichukua karibu chumba kizima. Wanawake walivua viatu mlangoni, wakauinamia kabla ya kuukalia, wakapitisha viganja juu yake wakitafuta maungio. Nilisikia wakiulizana, "Ndiye yule mama aliyewekewa vyuma?" Sinia la bibi harusi lililetwa katikati, wali wa nazi, kuku, kamba wakubwa wa delta. Binti yangu aliketi, na upande wake wa kulia wakaacha nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyesema ni ya nani. Hakula. Mikono ya wenzake ilisubiri juu ya magoti, na mvuke juu ya wali ukapungua mpaka ukaisha.

Nilitoka nikaenda jikoni. Mama alikuwa bandani, amevaa nguo yake ya harusi, dira jipya aliloletewa na kaka. Amegeukia ukuta. Bakuli la uji lilikuwa kwenye mapaja na hakuwa amelianza. Nilimwambia, "Mama, anakungoja."

"Mwambie ale."

"Amesema hali."

"Mwambie mke mwenza wake amesema ale, kitapoa."

Kabla sijajibu mtani aliingia. Alikuwa amebeba sahani aliyoipakua kwenye lile sinia, na nilijua alichokuja kufanya. Alikuwa amekwishajiandaa, niliona mdomo wake umeinuka upande mmoja, vile unavyoinuka akiwa na neno. Nilitaka aliseme. Nilitaka awe mkali kuliko siku zote, aseme juu ya geti lililong'olewa, juu ya misumari iliyoshika kutu, lolote, ili mama amjibu, na akimjibu labda atainuka, na akiinuka labda atatembea hatua zile za kutoka bandani hadi mkekani.

Mama aligeuza uso. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na kidevu kilikuwa kimepanda juu karibu na pua, kama uso wa mtu mwingine tusiyemjua.

Mtani alimtazama. Mdomo wake ulishuka. Aliiweka sahani chini polepole, akapiga goti kwenye majivu na dira lake la harusi, akasema, "Shikamoo, dada."

Mama hakuitika mara moja. Alimtazama mtani kwa muda, kama anayesubiri kisemwe kilichobaki. Hakikusemwa. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, na mtani akabaki amepiga goti palepale, hajui aweke mikono wapi.

Nilirudi ndani nikamwambia binti yangu ale. Alikula matonge machache kwa sababu wageni walikuwa wanamwangalia.

Mama yuko hai. Anakula uji, bandani, mlango umefungwa. Mkeka uko Kibiti chumbani kwa binti yangu na rangi zake hazijapauka. Mtani bado anakuja asubuhi, maana nyumba zao zimekaribiana. Mara ya mwisho nilipokwenda nilikuwa ndani nikifunga mzigo nikamsikia akiingia uani. Nilisimama nikasikiliza.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba," mama alijibu. "Hujambo?"

"Sijambo."